Coulomb: Kabla ya umeme, jamaa alikuwa mtu wa mjengo

UKIMTAJIA mwanafunzi wa Fomu Tatu jina Coulomb, atakujibu mara moja kwamba hicho ni kipimo cha chaji ya umeme. Herufi C, kitabu cha Fizikia, maswali ya mtihani, basi. Wengi hawajui kwamba kabla ya mambo ya umeme, jamaa huyu alikuwa mtu wa mjengo. Kwa miaka minane alikula vumbi kisiwani akisimamia ujenzi wa ngome, na swali lililomnyima usingizi lilikuwa hili: ukijenga ukuta kisha ukajaza udongo nyuma yake, udongo huo utausukuma kwa nguvu kiasi gani?

Swali hilo halijazeeka. Kila jengo jijini lenye orofa ya chini ya ardhi, iwe ya kuegesha magari au stoo ya duka, lina kuta zinazosukumwa na udongo mchana na usiku, bila likizo. Kuta hizo zikizeeka, zikaanza kupasuka na kutoa kitambi kwa ndani, mhandisi anayeitwa kuziegemeza huanzia kwenye hesabu ambayo mwanajeshi huyu Mfaransa aliiwasilisha mwaka wa 1773.

Kijana aliyekosana na mamake

Charles-Augustin Coulomb alizaliwa Juni 14, 1736 mjini Angoulême, kusini magharibi mwa Ufaransa. Familia yake ilikuwa na jina, na baadaye ikahamia Paris, ambako alipata masomo mazuri na kunogewa na hisabati na elimu ya nyota.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Mamake alitaka awe daktari. Kijana akasema hapana, yeye ni wa hesabu. Unajua mambo haya yanavyoenda: mzazi ana ndoto yake, mtoto naye ana yake. Kwa Coulomb mvutano ulifika mahali pabaya, akakosana na mamake na kuhamia Montpellier kwa babake. Huko nako mambo hayakuwa shwari. Mzee alikuwa amepoteza mali katika biashara za kubahatisha, mifuko imetoboka.

Hata hivyo, mwaka wa 1757, akiwa bado na umri wa miaka 20, Coulomb alikubaliwa katika chama cha wanasayansi cha Montpellier na kuanza kusoma makala zake mbele ya wazee. Lakini makala hazilipi kodi ya nyumba. Alihitaji kazi yenye mshahara. Wakati huo jeshi la Ufaransa lilikuwa na chuo cha wahandisi mjini Mézières, mojawapo ya vyuo bora vya uhandisi Ulaya. Coulomb alijiunga nacho mwaka wa 1760, na mwaka uliofuata akafuzu akiwa luteni.

Miaka minane Martinique

Mnamo 1764, akiwa na umri wa miaka 27, alitumwa Martinique, kisiwa cha Karibi kilichotawaliwa na Ufaransa. Waingereza walikuwa wamekiteka mwaka wa 1762, wakakirudisha mwaka uliofuata baada ya mkataba wa amani wa Paris. Ufaransa haikutaka kuaibishwa tena. Ikaamua kujenga ngome mpya juu ya kilima cha Morne Garnier, kinachotazama mji uliokuwa ukiitwa Fort-Royal, ambao leo ni Fort-de-France. Ngome hiyo ilipewa jina Fort Bourbon, na kazi ikawekwa mikononi mwa Coulomb hadi 1772.

Haikuwa safari ya kupunga upepo ufukweni. Homa za kitropiki ziliwaua wazungu wengi waliofika visiwani humo, na Coulomb mwenyewe aliugua mara kadhaa. Afya yake haikurudi sawasawa hadi alipokufa. Tusisahau pia kwamba Martinique wakati huo ilikuwa nchi ya mashamba ya miwa. Utajiri ambao ngome ile ilijengwa kuulinda ulitokana na jasho la Waafrika waliofanywa watumwa, na utumwa haukufutwa kisiwani humo hadi 1848.

Sasa fikiria kijana aliyetoka chuoni juzi tu, yuko mbali na walimu wake, ana kilima, mawe, udongo na mamia ya watu wa kusimamia. Ngome ni kuta, na nyuma ya kuta hizo kuna udongo uliojazwa ili mizinga ipate pa kusimama. Ukuta ukiwa mnene kupita kiasi, pesa za serikali zinaishia kwenye mawe. Ukiwa mwembamba, siku moja mvua kubwa inanyesha, udongo unaporomoka na kuwafunika watu walio chini.

Wahandisi wa kabla yake walikuwa na kanuni za kukadiria. Karibu miaka 100 awali, mjenzi maarufu wa ngome Vauban alikuwa ameacha vipimo: ukuta wa kimo fulani, mpe unene fulani. Vilifanya kazi mara nyingi, ila havikueleza ni kwa nini. Na aina ya udongo ikibadilika, kanuni iliyokaririwa bila kueleweka haikusaidii kujua ubadilishe nini. Coulomb alitaka kujua kwa nini.

Kabari nyuma ya ukuta

Wazo alilotoka nalo unaweza kulijaribu na rundo la mchanga wa ujenzi. Mwaga mchanga mkavu chini. Utasimama kwa mteremko fulani, halafu ukiongeza mwingine unateleza kandokando. Punje za mchanga hushikana kwa msuguano, na msuguano una kikomo. Udongo wa mfinyanzi una kitu cha ziada, yaani mshikamano, ile hali ya kunatana inayoufanya usimame wima kwa muda ukiukata.

Coulomb aliona kwamba ukuta unapolegea kidogo, udongo wote wa nyuma haumwagiki kwa pamoja. Kinachokatika ni kipande chenye umbo la kabari: chembamba chini karibu na msingi wa ukuta, kipana juu. Kabari hiyo inataka kuteleza chini kwa uzito wake. Msuguano na mshikamano vinaizuia kwa upande mmoja, na ukuta unaizuia kwa upande wa pili. Kile ambacho msuguano unashindwa kubeba, ukuta lazima ubebe.

Lakini kabari ipi? Unaweza kuchora nyingi, nyembamba na pana. Hapo ndipo mapenzi yake ya hisabati yalipomfaa. Alitumia hesabu ya kutafuta kilele: kati ya kabari zote zinazowezekana, tafuta ile inayousukuma ukuta kwa nguvu kubwa zaidi, kisha jenga ukuta wa kuikabili hiyo. Alijua pia kwamba mahali udongo unapokatika panaweza kupinda, lakini akachagua mstari ulionyooka kwa sababu unampa mjenzi jibu lililo karibu na ukweli bila kumchosha.

Tuweke namba. Chukua ukuta wa kimo cha mita 3, nyuma yake kuna mchanga mkavu wenye pembe ya msuguano ya nyuzi 30 na uzito wa tani 1.8 kwa kila mita moja ya ujazo. Kwa hesabu ya Coulomb, kabari inaanzia chini ya ukuta na kufika juu ya ardhi umbali wa mita 1.7 hivi kutoka ukutani. Msukumo wake ni tani 2.7 kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta. Ukiongeza kimo mara mbili kiwe mita 6, msukumo hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara nne, unakaribia tani 11. Ndiyo maana ukuta uliotosha orofa moja ya chini hauwezi kukisiwa tu kwa ajili ya mbili.

Wasomi wa Paris wamsikiliza

Coulomb alirudi Ufaransa mwaka wa 1772. Mwaka uliofuata aliwasilisha andiko lake mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris. Ndani yake mlikuwa na kabari ya udongo, uimara wa nguzo, kupinda kwa mihimili na uthabiti wa matao, yote yakiwa mambo aliyoyahitaji kazini. Alieleza kwamba mwanzoni aliyaandika kwa matumizi yake mwenyewe tu.

Lilichapishwa mwaka wa 1776, katika mkusanyo wa kazi za watu ambao hawakuwa wanachama wa chuo hicho. Halikuzua kishindo. Hesabu zake zilikuwa nzito kwa mafundi wengi, na maelezo yalikuwa mafupi. Ilichukua miaka mingi kabla ya wahandisi kutambua walichopewa. Leo hakuna mwanafunzi wa uhandisi wa majengo anayemaliza chuo bila kukutana na kabari hiyo.

Ukuta mzee unahitaji nini?

Kuta za Coulomb zilikuwa za mawe, nene, zikisimama kwa uzito wake. Kuta za orofa za chini za karne ya 20 ni za konkriti na nyembamba zaidi. Konkriti ni hodari ikibanwa, lakini ikivutwa inapasuka haraka, na nyingi za zamani zina vyuma vichache au vyuma vilivyoliwa na kutu. Udongo unapousukuma ukuta wa namna hii katikati, upande wa ndani unavutwa. Hapo ndipo unapoona ufa wa mlalo katikati ya kimo, na tumbo linaloanza kuchomoza.

Tuna methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, ila kwa ukuta wa chini ya ardhi kuziba ufa pekee ni kupaka poda juu ya jipu. Fundi atapiga plasta, atapaka rangi, landilodi atafurahi, na kabari itaendelea kusukuma pale pale. Ukifuata mawazo ya Coulomb, unauliza kwanza: nini kinausukuma, na nini kinaushika?

Mara nyingi adui wa kwanza ni maji. Bomba la kutolea maji nyuma ya ukuta likiziba, maji yanajaa kwenye udongo. Katika ule ukuta wetu wa mita 3, maji yakijaa hadi juu yanasukuma peke yake kwa tani 4.5 kwa kila mita ya urefu, na udongo uliolowa bado unasukuma pia. Jumla inapita maradufu ya ule msukumo wa mwanzo. Ndiyo sababu kuta zilizotulia miaka 40 huanguka msimu wa mvua. Kabla ya kununua chuma chochote, zibua mabomba, fungua matundu ya kutolea maji na uelekeze maji ya paa mbali na ukuta.

Pili, punguza mzigo juu ya kabari. Lori la mchanga likiegeshwa mita moja kutoka ukutani, uzito wake unaishia kwenye ukuta. Lori hilo hilo likisogezwa mbali, ukuta unapumua.

Tatu, jua kinachoushika sasa hivi. Katika majengo mengi, sakafu ya orofa ya juu ndiyo inayozuia kichwa cha ukuta kisiingie ndani. Wakati wa ukarabati mtu anaamua kukata sakafu hiyo ili aweke ngazi pana, na ukuta unabaki bila mtu wa kuushika. Ni noma, na makosa haya hufanyika. Tena ukuta ulioshikwa juu na chini hausogei, kwa hivyo msuguano wa udongo haupati nafasi ya kusaidia kikamilifu, na ukuta hubeba zaidi ya ile hesabu ya kabari. Wahandisi wa leo huongeza nguvu hiyo.

Baada ya hapo ndipo kuegemeza kunapoanza. Kwa dharura hupigwa gadi, yaani miti au vyuma vya kuegemeza vilivyowekwa kwa mshazari kutoka sakafuni hadi kwenye ubao mpana uliolala ukutani, ili nguvu isitoboe sehemu moja. Mguu wa gadi lazima ukanyage kitu kisichoteleza, la sivyo ni mapambo tu. Kwa suluhisho la kudumu, nguzo za chuma husimamishwa kwa ndani, zikafungwa imara kwenye sakafu ya chini na kwenye mihimili ya juu. Mahali pengine hujengwa nguzo nene za konkriti za kuutegemeza ukuta.

Njia nyingine ni nanga: kutoboa ukuta, kupitisha chuma kirefu udongoni na kukishikiza kwa saruji. Hapa Coulomb anarudi mzima mzima. Nanga ikiishia ndani ya kabari, itasafiri nayo kabari ikiteleza. Lazima ipite kabari na kushika udongo uliotulia nyuma yake. Na kama huko nyuma ni ploti ya jirani, unahitaji ruhusa yake.

Kuna jambo moja la kuwaambia vijana wanaofanya vibarua vya mjengo. Kuchimba nje ya ukuta mzee ili kuupunguzia udongo ni kazi inayofanywa kwa vipande vidogo, kingo zikiwa zimeegemezwa. Mtaro mrefu wa mita 3 usio na gadi ni ukuta wa udongo usioshikwa na chochote. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaopita ule wa gari dogo la saluni. Ikikuangukia, hakuna mbio. Ukiambiwa ingia humo haraka kumalizia, una haki ya kuuliza gadi ziko wapi.

Gereza, tuzo na mapinduzi

Baada ya Martinique, Coulomb alihamishwa kutoka kituo hadi kituo, lakini msuguano haukumtoka akilini. Mwaka wa 1777 alishinda kwa pamoja na mwenzake tuzo ya Chuo cha Sayansi kuhusu dira za mabaharia. Kisha, akiwa Rochefort kwenye karakana za meli, alipima msuguano wa mbao na kamba katika mashine, kazi iliyompa tuzo ya 1781. Mwaka huo huo akawa mwanachama wa chuo hicho, akahamia Paris.

Cheo hakikumfanya awe mtu wa kuitikia ndiyo mzee. Mwaka wa 1783 alitumwa kuchunguza mradi wa mifereji ya meli huko Brittany, akatoa ripoti ya kuupinga. Wakubwa hawakufurahia, na akafungwa kwa muda mfupi mjini Paris. Hakubadilisha maoni yake. Kwa mhandisi hilo ni jambo kubwa, maana mara nyingi presha ya kusema ukuta uko sawa hutoka kwa yule anayelipa.

Kuanzia 1785 alitoa mfululizo wa kazi zilizompeleka kwenye vitabu vyako vya Fizikia. Alining'iniza kijiti kwa waya mwembamba sana na kupima jinsi waya ulivyosokoteka chaji mbili zilipovutana au kusukumana. Akaonyesha kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inapungua mara nne.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, aliacha jeshi mwaka wa 1791. Chuo cha Sayansi kilifungwa mwaka wa 1793, naye akajiondokea mashambani karibu na mji wa Blois. Alirudi wakati taasisi mpya ya taifa ilipoundwa mwaka wa 1795. Katika miaka hiyo alikamilisha utafiti mwingine uliotokana na siku zake za ujenzi: mtu anaweza kufanya kazi kiasi gani kwa siku bila kujiumiza? Alilinganisha kupanda ngazi na mzigo na bila mzigo, kusukuma mkokoteni, kulima kwa sepetu. Akaonya kwamba usimpime mtu kwa dakika chache za kujitutumua kisha ukadai afanye hivyo siku nzima. Ukiwauliza wanaobeba mawe kwenye mjengo, watakuambia Mfaransa huyo alikuwa anajua.

Mwaka wa 1802 akafanywa mmoja wa wakaguzi wakuu wa elimu nchini mwake, wadhifa alioushikilia hadi alipofariki jijini Paris mnamo Agosti 23, 1806, akiwa na umri wa miaka 70. Mwaka wa 1881, mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika jijini humo ulikipa kipimo cha chaji jina lake. Jina hilo pia ni miongoni mwa majina 72 ya wanasayansi na wahandisi yaliyoandikwa kwenye mnara wa Eiffel.

Ngome ya Martinique nayo bado iko pale kilimani, siku hizi ikiitwa Fort Desaix, na jeshi la Ufaransa linaitumia hadi leo. Nawe ukishuka kwenye orofa ya chini ya jengo unakoishi au unakofanya kazi, angalia kuta. Ukiona ufa wa mlalo, tumbo linalochomoza, au maji yanayotoka baada ya mvua, piga picha, andika tarehe, na umwambie landilodi amwite mhandisi aliyesajiliwa kabla ya fundi wa plasta.